Pigeni Picha Mahindi Mazuri

Wasee, leo naongea kuhusu mahindi. Usiruke hii posti. Najua ulikuja hapa kwa sababu ya AI na vitu za kompyuta, na utazipata, ila leo zinapitia ghalani kwanza.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kukasirika aanze sasa: hakathoni nyingi za "AI kwa kilimo" ninazoziona zinaanzia upande mbaya. Vijana wanatafuta picha za mahindi yaliyooza na majani yaliyoliwa na viwavi. Hawapati za kutosha. Wanashusha za Marekani kwenye intaneti, wanafunza modeli, wanapata asilimia tisini na kitu kwenye slaidi, wanapigiwa makofi. Halafu modeli inafika Wote ama Mutomo na inazubaa kama mtu ameshushwa stendi asiyoijua, usiku, na simu imezima. Mimi nasema tuanze na kile tulicho nacho kwa wingi, yaani mahindi mazuri. Picha za mahindi mazuri ya huku kwetu Ukambani, maelfu kwa maelfu. Hakuna mtu anazipiga kwa sababu zinaonekana hazina maana.

Wengi mnaonisoma mlikuwa hamjazaliwa mwaka 2004, ama mlikuwa bado mnabebwa mgongoni. Mwaka huo watu wa Makueni na Kitui walianza kufika hospitalini macho yamegeuka manjano, tumbo limevimba, ini limekataa kazi. Wengine walitoka Machakos na Thika. Kufikia Julai, wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Haikuwa virusi, wala maji machafu. Ilikuwa ugali. Ilikuwa isyo na muthokoi, chakula kile kile cha jana na juzi. Mahindi yalivunwa na kuwekwa yakiwa bado na unyevu, kuvu inayoitwa Aspergillus flavus ikapata makao, ikaachia sumu inayoitwa aflatoksini. Watafiti walikusanya sampuli 350 za mahindi na unga kutoka masoko ya eneo lile. Asilimia 55 zilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, yaani sehemu 20 kwa bilioni. Asilimia 7 zilipita sehemu 1,000 kwa bilioni. Na hata haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981 Machakos ilikuwa imezika watu kwa sumu hiyo hiyo.

Siku hizi kiwango cha Kenya ni sehemu 10 kwa bilioni. Wacha nikupigie hesabu ndio uone ngori iko wapi. Gunia la kilo 90 likiwa kwenye kiwango hicho hasa, sumu yote iliyo ndani haifiki miligramu moja. Gunia zima! Ukiimwaga hiyo sumu kwenye kiganja ingekuwa kama chembe chache tu za chumvi. Na haijasambaa sawasawa kama sukari kwenye chai. Imejificha kwenye punje chache zilizoharibika vibaya, na zingine zote ni safi. Punje moja ya mahindi ni kama theluthi ya gramu, kwa hivyo gunia moja lina punje karibu laki mbili na sabini elfu. Nani atazikagua?

Jibu la zamani ni susu. Si susu wangu peke yake, wa kila mtu. Anaketi chini ya mwembe na uteo, anapepeta, mkono unapita juu ya punje na kurusha nje moja hapa, mbili pale. Ukimuuliza ameona nini anakwambia tu, "Ino ti nzeo," hii si nzuri. Hajawahi kupewa orodha ya aina za kuoza. Hajui jina la kuvu yoyote. Anachojua, na anakijua sana, ni vile mahindi mazuri yanafanana. Chochote kinachokataa kufanana na hayo, kinatoka.

Sasa hiyo, wasee, ndiyo kazi ninayotaka mashine ifundishwe. Njia ya kawaida ya kufundisha kompyuta picha ni kuipa lebo: hii nzuri, hii imeoza kwa kuvu, hii imetobolewa na dumuzi, hii imepasuka. Unahitaji mifano mingi ya kila aina, na unahitaji mtaalamu wa kukaa chini kuandika lebo moja moja. Shida mbili. Mtaalamu ana bei. Na uozo una njia elfu za kutokea, kwa hivyo ile aina ambayo hukuipiga picha ndiyo itakayokuja msimu ujao.

Njia ya pili, mashine inajisimamia yenyewe. Unaipa picha bila lebo yoyote na kuitengenezea fumbo kutoka kwa picha ile ile. Fumbo moja ninalolipenda: unafunika sehemu kubwa ya picha na kuiambia ijaze. Kaiming He na wenzake wa Facebook walionyesha mwaka 2021 kwamba unaweza kuficha asilimia 75 ya picha na mashine bado ikajifunza kuijaza. Ili ijaze vizuri, inalazimika kuelewa punje ya mahindi ina kichwa wapi, ncha wapi, mng'ao unaanguka vipi. Hakuna aliyeifundisha. Imejifunza kama vile wewe ulijifunza sura ya mtaa wenu, kwa kupita kila siku. Halafu unaipa punje yenye doa la kijani. Inajaza pale mahali vile punje nzima ingekuwa, unalinganisha na picha halisi, na pale hesabu inapokataa kulingana, hapo ndipo kuna neno.

Fumbo lingine ni rahisi hadi linachekesha. Mwaka huo huo wa 2021 watafiti wa Google walichukua picha za vitu vizima, wakakata kipande kidogo na kukibandika mahali pengine kwenye picha hiyo hiyo, kisha wakaifundisha mashine kutambua picha iliyochezewa. Kasoro ya kujitengenezea. Kata, bandika. Mtoto wa darasa la nne angefanya na makasi na gundi. Na mashine iliyozoea kukamata kasoro hizo za uongo ikawa hodari wa kukamata za kweli ambazo haijawahi kuona.

Kuna mkusanyiko wa picha ambao karibu kila mtu wa kazi hii duniani anautumia kupimia modeli yake. Ulitolewa mwaka 2019 na MVTec, kampuni ya Ujerumani. Una picha 5,354 za vitu vya aina 15: chupa, zulia, skrubu, zipu, vidonge, mswaki, hata kokwa za hazelnut. Picha 3,629 za kufundishia zote ni za vitu visivyo na kasoro. Zote! Wajerumani walikaa wakapiga picha miswaki mizima na hakuna aliyewacheka. Lakini mahindi hakuna, wala ndengu. Kuna zipu.

Ndio maana nasema Kitui na Makueni hatuna uhaba wa data. Tuna uhaba wa mtu wa kuiona kuwa ni data.

Lakini nisiwauzie ndoto. Hii kitu ina mashimo, na kuna moja ambalo lilinifanya niandike.

Kuna siku nilikuwa kwenye maonyesho fulani Nairobi, kijana wa miaka yangu anaonyesha apu ya simu ya kukagua nafaka. Kazi safi, sitaitaja. Mfukoni nilikuwa na punje za mbegu za kienyeji kutoka nyumbani, zile zenye rangi rangi, nyeupe na nyekundu na zingine karibu zambarau. Nikazimwaga mezani. Apu ikawaka nyekundu kila mahali. Kulingana na simu ile, mbegu iliyolisha ukoo wetu miaka yote ni takataka. Kijana mwenyewe alishtuka kuniliko. Modeli yake ilikuwa imejifunza "kawaida" kutoka kwa mahindi meupe, makubwa, yanayofanana kama matofali. Mahindi ya mvua nyingi. Sisi huku tuna Katumani, iliyotengenezwa ikomae haraka kabla mvua haijakata, punje zake ndogo, na tuna hizo za kienyeji ambazo kila hindi linajivalia linavyotaka.

Hapo ndipo nilielewa. Mashine ya aina hii haijui sumu. Haijui kuvu wala ini la mtu. Inajua mwenyeji na mgeni, basi. Na mwenyeji ni nani inategemea aliyepiga picha za kwanza alikuwa amesimama wapi. Ukimwachia mtu wa mbali akuamulie kawaida yako, kila kitu chako kitakuwa kasoro.

Kuna shimo la upande wa pili pia. Punje inaweza kuonekana safi kabisa na ikawa na sumu ndani. Kamera ya simu inaona ngozi tu. Kuna ujanja wa kumulika mahindi kwa taa ya miale ya urujuani, na yaliyoguswa na kuvu hiyo yanaweza kung'aa rangi ya manjano yenye ukijani. Inasaidia, ila si ushahidi wa mwisho, kwa sababu kinachong'aa si aflatoksini yenyewe. Mwaka 2018 kampuni ya Bühler ya Uswisi ilitangaza mashine inayotumia mwanga wa namna hiyo kuchagua hadi tani 15 kwa saa. Tani 15! Posho mill ya Kibwezi haitaki hata kusikia bei. Kilichonipa moyo zaidi ni kazi ndogo iliyochapishwa mwaka 2017 na kundi lililokuwa na watafiti wa Kenya ndani, la kuchagua mahindi ya Kenya punje kwa punje kwa mwanga wa rangi kadhaa. Punje zilizokubaliwa zilikuwa na sumu kidogo kuliko zilizokataliwa. Kupunguza, si kumaliza. Lakini ukifikiria 2004, kupunguza ni watu.

Pia kuna kitu kinachekesha kuhusu fumbo la kujaza: mashine ikiwa hodari kupita kiasi, inajaza hata doa vizuri, na kasoro inapita bila kugunduliwa. Mwanafunzi aliyesoma sana hadi akaanza kuelewa uongo. Watu wa kazi hii wanalijua na wanapambana nalo. Tuendelee.

Sasa pesa. Kila mashine ya kukagua ina kizingiti, mahali unapoamua "kuanzia hapa natupa." Tuseme inakosea punje moja nzuri kati ya mia, inaitupa bure. Kwa gunia la kilo 90 umepoteza kama nusu gorogoro. Mama atanung'unika, ataelewa. Ikikosea kumi kati ya mia, umepoteza gorogoro nne na nusu za mahindi mazuri kwa kila gunia. Hapo usimwambie mtu wa Mwingi habari ya teknolojia, atakutoa na mbwa. Ukilegeza kizingiti ili asinung'unike, zile mbaya zinapita. Huwezi kukwepa huu uamuzi kwa kuandika kodi nzuri zaidi. Ni uamuzi wa watu, na nikitazama vile haya mambo hufanywa, huwa unaamuliwa na mtu mwenye laptopu saa saba usiku bila kumuuliza anayekula.

Na hili ndilo linaniuma kuliko yote: punje zilizotupwa zinaenda wapi? Kwenye slaidi zinaenda kwenye kisanduku kimeandikwa "zilizokataliwa." Kisanduku hicho hakipo Kyuso. Huku kitu kilichokataliwa na mnunuzi kinarudi nyumbani. Kinapewa kuku. Kinapewa ng'ombe, na ng'ombe akila aflatoksini sehemu yake inatokea kwenye maziwa. Kinaenda kwenye pombe. Ama mwaka ukiwa mbaya, na sisi tunajua miaka mibaya, kinarudi sufuriani. Ukiweka mashine kali sokoni bila kufikiria hilo, umefanya nini? Umesafisha unga wa watu wa Nairobi na umekusanya sumu kwenye sufuria ya aliyelima. Manze, hiyo si kugundua kasoro, hiyo ni kuhamisha sahani.

Mwaka 2004 serikali haikuishia kusema mahindi ni mabaya. Yaliyoshukiwa yalichukuliwa na kuharibiwa, na chakula kingine kikapelekwa Makueni na Kitui. Unaweza kulalamika kuhusu mengi ya mwaka ule, lakini wazo lenyewe lilikuwa sawa: ukichukua, unarudisha. Mtu akikuletea mradi wa kukagua mahindi kwa AI, swali la kwanza muulize punje mbaya zinaenda wapi na nani anafidia. Akikosa jibu, hata modeli ikiwa na asilimia 99 mwache aende.

Najua kuna mtu amekaa hapo anasema, "Si wakaushe tu mahindi?" Uko sahihi, buda. Mahindi yakikauka hadi unyevu wa asilimia 13.5 ama chini yake na yakawekwa vizuri, kuvu inakosa nafasi. Kuna Aflasafe pia, kuvu ya jamii hiyo hiyo lakini isiyotoa sumu, inayotawanywa shambani kabla ya kuvuna ili iinyang'anye ile mbaya nafasi. Ya Kenya hutengenezwa pale Katumani. Kama kaunti ina shilingi moja tu, inunue turubai na kipima unyevu, wala sitagombana nayo. Na kukoboa mahindi kutengeneza muthokoi kunapunguza sumu, utafiti umeonyesha. Wazee wetu hawakujua kemia lakini hawakuwa wajinga. Kamera ni ya baada ya hayo yote, kwa yale magunia ambayo mvua iliyapata uani.

Tena mbinu ni hiyo hiyo kwa vitu vingine. Ndengu za Kitui, ambazo mawe na wadudu hushusha bei. Maembe ya Makueni: Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi wa matunda, na haikurudi hadi 2021. Tundu la nzi kwenye ngozi ya embe ni dogo kuliko kichwa cha pini. Mashine inayojua vizuri ngozi ya embe zima ya Mbooni inafanana vipi ingelishuku. Lakini nani ana picha elfu kumi za embe zima? Tunazo za kula na kuposti, moja moja, na filta juu.

Kwa hivyo hivi ndivyo ningetaka. Picha zipigwe na vijana wa huku, kila mwadi, kila msimu, za kila mbegu inayopandwa, pamoja na hizo za rangi rangi. Zisiwe za kampuni. Ziwe za umma, kaunti mbili ziziweke pamoja, mwanafunzi wa SEKU pale Kwa Vonza azichukue bure na mtu wa Nairobi pia azichukue bure, lakini asizifungie. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda sura yako na namba yako ya simu. Gunia la mama yako hailijui. Mkulima akubali mwenyewe, ajue picha inaenda wapi. Na wanaopepeta waitwe wakati wa kuweka kizingiti, walipwe kama wataalamu wengine wanavyolipwa, maana ndio watakaosema hii nyekundu ni ya ukoo na hii nyekundu ni ya kuoza. Tofauti hiyo hata mimi siioni kila mara. Susu anaiona akiwa anaongea na simu.

Mimi naanza Februari, mahindi ya mvua za mwisho wa mwaka yakivunwa. Nimeshaongea na nyumba sita za upande wetu. Turubai jeusi, punje zimetandazwa zisipandane, kivuli cha mti badala ya jua kali, simu ikishikwa urefu wa mkono, na sarafu ya shilingi kumi kando ili ukubwa ujulikane. Usitumie flashi, inaweka mng'ao wa uongo. Usitumie filta, nakuomba. Andika mbegu gani, soko gani lililo karibu, na mwezi. Jina la mwenye shamba usiandike. Na usichague punje za kupendeza peke yake. Weka ndogo, weka zilizopinda, weka zambarau, alimradi mwenye nyumba anasema hizi tunakula.

Ukiwa Mutitu, Zombe, Makindu ama Kalamba na una simu yenye kamera ya kawaida, nitumie ujumbe. Bando nitachangia kidogo, si mnajua hali.